Buibui wa Mzee Mwinshehe

Siku mliyoniaga mlininunulia keki, mkanipa kanga, na mkuu wenu akasema maneno mazuri ambayo mengine sikuyastahili lakini sikumkatiza. Kisha, kabla sijafika hata nyumbani, mkanipa kazi nyingine: "Bibi Tatu, tuandikie mlivyokuwa mkifanya kazi zamani." Haya, nimeandika. Vyeo nimeviruka, kwa sababu cha kwanza kilikuja na kiti kilichokosa mguu na cha mwisho kikaja na presha. Mshahara nao nimeuruka, maana usingejaza mstari. Nimeandika habari za mawe, za vifaa, na za Mzee Mwinshehe aliyenifundisha, pamoja na ule mkasa wa buibui ambao nyie mmeusikia vipande vipande kutoka kwa watu ambao hawakuwepo.

Nilianza miaka michache baada ya Uhuru. Karakana ilikuwa hapo hapo Mtoni, banda la mabati kando ya Barabara ya Kilwa, na mwenyewe alikuwa tajiri mmoja aliyekuwa akipeleka sandarusi Ulaya. Mama alijuana na mke wa msimamizi, wakazungumza kwenye shughuli ya harusi, na Jumatatu nikaambiwa niende. Nilikwenda nimevaa gauni la Idi na viatu vipya, nikidhani kazi ya shanga hufanywa na watu nadhifu. Nikaonyeshwa pipa la maji ya magadi, mti wa kukorogea, na lundo la magunia. Kufika adhuhuri gauni lilikuwa jekundu kwa udongo, viatu nimevivua nimevitundika msumarini, na viganja vinawasha kama nimeshika upupu. Nililia kidogo nyuma ya choo, nikanawa uso, nikarudi. Wengi wetu tulianza hivyo, msije mkadhani ni nyie tu.

Kwa kuwa siku hizi mnaletewa mawe yameshaoshwa, wacha niwakumbushe tulichokuwa tukiosha. Sandarusi tunaiita jiwe lakini si jiwe. Ni utomvu wa miti ya kale uliodondoka, ukafunikwa na ardhi, ukakaa humo hata miti yenyewe ikatoweka na watu wakasahau kama iliwahi kuwepo. Wachimbaji wa Rufiji na Kilwa waliifukua kwenye mchanga mwekundu kwa majembe, ikaja kwetu na ganda lenye vipele, mfano wa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ile iliyo changa, inayotoka kwenye mti ulio hai, inaitwa chakazi. Chakazi nayo inang'aa, na wauzaji wajanja walikuwa wakiichanganya humo humo kwenye gunia. Dawa yake ni tone la spiriti. Liweke juu ya jiwe, subiri, kisha bonyeza kwa kidole. Likinata, ni chakazi, mrudishie mwenyewe na umsalimie nyumbani.

Baada ya msimu mmoja wa mapipa nilipelekwa mezani kwa Mzee Mwinshehe. Alikuwa Mzaramo, mzaliwa wa Mtoni, mrefu, mwenye kofia ya mkono iliyofuliwa mpaka ikabaki nyuzi. Ujanani mwake alichimba sandarusi yeye mwenyewe, kwa hiyo aliyazungumzia mawe kama mtu anayezungumzia jamaa zake, pamoja na wale asiowapenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mikono imeshaacha kuwasha?"

"Bado."

"Itaacha siku utakayokuwa umeshaisahau. Kaa."

Vifaa vyake vilienea kwenye kikapu kimoja: tupa mbili za kuondolea ganda, majani ya msasa yaliyolowekwa, jivu lililochekechwa kwa kitambaa, na kipande cha kaniki chenye mafuta ya nazi. Msasa ninaousema ni majani ya mti, siyo haya makaratasi yenu. Jani likilowekwa linakuwa laini mkononi lakini meno yake yapo, na kwa sandarusi halina mpinzani. Alinikataza kupima ulaini kwa kidole. "Kidole ni mwongo," alisema. "Kimezoea kushika kila kitu, hakishtuki tena. Mdomo ndio unaoshtuka." Akaliweka jiwe kwenye mdomo wa chini, akaliburuza taratibu, akanionyesha mahali penye mkwaruzo ambao mie kwa macho yangu mapya sikuuona. Na pua nayo ina kazi: ukisikia harufu ya sandarusi imepanda, ujue umesugua kwa pupa, jiwe limepata moto, na lisipopumzishwa litajaa nyufa za ndani. Mpaka leo nikinunua sahani dukani naipitisha mdomoni, na wauza duka wananishangaa.

Tulitengeneza tasbihi, shanga, vishikizo vya fimbo na pete. Jiwe lililotakiwa ni jiwe safi, lisilo na kitu ndani. Yale yenye sisimizi, nzi au vipande vya majani tuliyaita mawe machafu, na yalikwenda moja kwa moja kwenye pipa la kupikia vanishi. Miaka na miaka tuliwapika wadudu wa kale, tukawapaka kwenye makabati ya watu. Kuna nyumba hapa Temeke ambazo wageni wamekalia viti vyenye nzi wa thamani kuliko nyumba yenyewe. Hakuna aliyetuambia, na sie hatukuuliza.

Baada ya Azimio la Arusha tajiri aliondoka, karakana ikawa ya ushirika, na tukaunganishwa na wachongaji wa mpingo kutoka Kusini. Ndipo alipokuja Kosmas, Mmakonde wa Newala, kijana wa maneno mengi na mikono yenye akili. Alipewa kona karibu na meza yetu, na tangu siku ya kwanza akawa mtani wa Mzee Mwinshehe. Akimwona analamba jiwe, humuuliza kama limekolea chumvi. Mzee naye humjibu kwamba heri anayelamba jiwe kuliko anayechonga shetani kisha anamwogopa. Waliishi nyumba jirani, kwa hiyo asubuhi walikuja pamoja wakibishana na jioni wakarudi pamoja wakiendelea pale pale walipoishia.

Mwaka huo huo alifika mama mmoja Mjerumani, mtu mzima, mwenye lenzi iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwa mapadri, kwa hiyo alizungumza kama anayesoma misa. Sie tukamwita Mama Lenzi. Alizitazama tasbihi zetu, akazisifu kwa adabu, kisha akauliza: "Na yale yaliyo na wadudu, mnayahifadhi wapi?"

"Yale machafu?" akasema Kosmas. "Tunapikaga, mama."

"Mnayapika kwa nini?"

"Yaive."

Mama Lenzi aliomba kiti. Alipopata pumzi akatueleza kwamba Ulaya wako watu wanaokusanya wadudu waliohifadhiwa hivyo, kwamba kila mdudu ndani ya sandarusi ni kisukuku, na kwamba aliye adimu kuliko wote ni buibui mzima, miguu yote minane, asiyevunjika. Buibui ana nguvu na akili, akinaswa na utomvu hujivuta mpaka akatoka, au huacha mguu akaenda zake. Wengi wanaopatikana ni vipande. Akasema akipata buibui mzima atarudi kutoka popote alipo. Alipoondoka, watu wazima tulivamia pipa la vanishi kwa vijiti.

Hapo niwape onyo moja la kazi. Habari zilipoenea kwamba Wazungu wanataka wadudu, mitaani wakazuka mafundi wa kuyeyusha chakazi na kumtumbukiza buibui wa jikoni. Tuliletewa wengi. Msihangaike sana kuwatambua: buibui wa uongo amekaa vizuri mno, miguu imepangwa kama mtu aliyekwenda kupiga picha ya pasipoti. Wa kweli alikufa akiwa na shughuli zake.

Sasa niwaambie habari za Meneja Gervas. Aliletwa na ushirika miaka miwili kabla ya buibui, kijana aliyetoka chuoni, mwembamba, hana hata ndevu, lakini Mungu alimpa sauti nzito ya mtu wa makamo mwenye wake wawili. Alikuwa mchapakazi na hakuwa mwonevu. Tatizo lake lilikuwa sheria zake. Moja ilikuwa kwamba mtu yeyote ambaye macho yamemchoka asifanye kazi ya mawe, apelekwe getini awe mlinzi. Aliona ni huruma, kwa sababu hakuna aliyefukuzwa. Hivyo karakana yetu ikawa inalindwa na wazee wawili ambao wangeweza kumpigia saluti mwizi na kumfungulia geti.

Meneja huyo hakumpenda Mzee Mwinshehe, na sababu ilikuwa shikamoo. Siku ya kwanza alipoingia na kutangaza kwa ile sauti kwamba yeye ndiye meneja mpya, Mzee aliinuka, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mzee wangu." Karakana nzima iliangua kicheko. Mtu mwenye wajukuu anamwamkia kijana wa juzi! Meneja alipigwa na butwaa, akaitikia "Marahaba" kwa sauti ndogo, na ukishaitikia mara moja huwezi kurudi nyuma. Kesho yake Mzee akamwamkia tena, na keshokutwa, na kila siku aliposikia viatu vyake. Sie tulidhani ni utani mkali wa Kizaramo. Meneja naye aliamini anafanywa mtoto mbele ya watu wake, na kila shikamoo ilimwingia kama mwiba.

Ukweli niliugundua mchana mmoja wa masika. Mvua ilikuwa imefunga, mabati yanapigwa, ndani giza tupu, tukawasha taa. Ghafla umeme ukakatika, mashine za kutobolea shanga zikanyamaza. Watu wote tuliinua nyuso kutazama balbu, kama kawaida, na kazi ikasimama. Mimi mkono wangu mwenyewe sikuuona. Lakini karibu yangu msasa wa Mzee Mwinshehe uliendelea, shwa, shwa, shwa, haukupungua wala haukuongezeka. Baada ya muda akauliza, "Mbona mashine zimenyamaza?"

"Umeme umekatika, mzee."

"Aa," akasema. Kisha, kwa kuchelewa kidogo, msasa nao ukasimama.

Wakati wa chakula Kosmas alinifuata kwenye kibaraza na bakuli lake. Akanitazama, akasema, "Umeshajua."

"Tangu lini haoni?"

"Zamani. Mshipa wa jicho umekufa kwa ndani, daktari alishasema hakuna dawa. Kwa nje macho mazima, kwa hiyo nani atajua? Njiani namshikaga mkono, tunagombana ili watu wadhani tunavutana."

"Na meneja akijua?"

"Getini. Na mzee ameshasema, afadhali kaburi kuliko geti. Kaburini angalau hupigi saluti."

Ndipo nikaielewa shikamoo. Siku iliyofuata nilimuuliza Mzee kwa kuzunguka, kwa nini anamwamkia meneja kwa heshima kiasi kile. Alishangaa swali lenyewe. "Mtu mzima kama yule, sauti ile, nisimwamkie? Malezi gani hayo, Tatu?" Ukimwambia mzee kwamba anaamkia watoto, umemvua nguo. Nikimwambia meneja kwamba hatanii, nimempeleka mzee getini. Nilibaki na mfupa kooni, siwezi kuumeza wala kuutema, na kila asubuhi nikisikia shikamoo ile nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Buibui alikuja kwenye gunia la Kilwa baada ya mvua. Niliyekuwa nikichagua ni mimi. Mnajua jiwe lenye ganda halionyeshi kitu, lakini ukilizamisha kwenye sahani ya mafuta ya nazi ganda linalainika machoni, unaona ndani kama kupitia dirisha la vumbi. Jiwe lilikuwa kubwa kama yai la njiwa. Nikalizungusha kwenye mafuta, na humo ndani kuna mtu. Sijui niseme nini kingine, nilihisi kuna mtu. Buibui amekaa upande, miguu ya mbele ameinua kidogo, vinyweleo vya magoti vinahesabika, na nyuma yake uzi mmoja uliotoka kwake ukapotea kwenye rangi ya asali. Miguu minane. Nilikaa nikamtazama mpaka mafuta yakanitiririkia kwenye kiwiko. Nilifurahi furaha ya kijinga, nikamfunika kwa kiganja kama atakimbia.

Wazee wa Kiislamu wa karakana walikuwa na wasiwasi. Sote tulifundishwa madrasa kwamba buibui aliweka utando wake kwenye mlango wa pango alimojificha Mtume na maadui wakapita, kwa hiyo buibui hauawi. Je, kumuuza? Mzee Mwinshehe alifikiri, akasema, "Huyu hatukumuua sie. Kazi yetu ni kumpangusia dirisha tu." Wakaridhika.

Meneja alimpelekea habari Mama Lenzi, kisha akatukusanya. Alikuwa na haki ya kuhangaika, nchi ilikuwa inatafuta fedha za kigeni kwa tochi. Akasema jiwe litasuguliwa ganda upande mmoja ili buibui aonekane, na atakayelifungua ni fundi mkubwa, Mwinshehe. Halafu akamgeukia. "Likipasuka, au buibui akiguswa, nitajua macho yako yamechoka. Geti lipo."

"Nimesikia, mzee wangu," akajibu Mzee, kwa unyenyekevu kabisa. Meneja akaondoka ameuma meno.

Taabu yenyewe ilikuwa hii. Shanga haihitaji macho, ni duara tu, mdomo unatosha. Lakini buibui haguswi kwa mdomo, yuko ndani, na goti lake moja la mbele lilikuwa limekaribia sana ganda. Ukisaga dirisha ukazidisha kidogo, goti linatokeza nje, hewa inaingia, na mguu unakuwa unga. Ukipunguza, dirisha lina ukungu na mkusanyaji hamwoni. Tuliafikiana mimi niwe macho, yeye mikono. Nilitazama kwenye mafuta, nikamwelekeza.

"Kulia kidogo, mzee."

"Kulia kwangu au kwake?"

"Kwake. Hapana, kwako. Amekaa upande."

"Amenipa mgongo?"

"Nusu mgongo."

"Nusu mgongo ndiyo wapi, mwanangu?"

Tulifanya hivyo asubuhi nzima bila kuthubutu kugusa jiwe. Kosmas alikuwa anatusikiliza kutoka kwenye kona yake. Mwisho akaweka patasi chini. "Nyie mnagombana kama mume na mke wanaohamisha kabati. Tatu, nipe hiyo sahani."

Alitazama kwenye mafuta kwa muda mrefu, akaenda kuchagua kipande cha mpingo kipana kama kiganja, akaanza. Alichonga siku mbili. Mimi nilishika lenzi ya akiba aliyotuachia Mama Lenzi safari ile ya kwanza, nikamsomea buibui mguu kwa mguu: goti la tatu limepinda, la nne limenyooka, huu wa nyuma umejikunja chini ya tumbo. Kosmas alikuwa akinisahihisha kwa sababu macho yake yalikuwa bora kuliko yangu. Lakini ujanja wake mkubwa ulikuwa kwamba hakumchonga buibui akamwacha wazi. Alimchonga mkubwa kuliko wa jiwe, kwa uwiano ule ule, ndani ya shimo, na ukingo wa shimo akaufanya usimame mahali pa ganda. Kwa hiyo ukiweka kidole ukingoni ukashuka, unajua una nafasi kiasi gani kabla ya kulifikia goti. Nimewaona mafundi wengi tangu hapo, na bado sijaona kitu kilichochongwa kwa mapenzi kama kile.

Alimkabidhi Mzee bila maneno, na kwa Kosmas hilo lilikuwa jambo kubwa. Mzee alimshika buibui wa mti, vidole vikaingia shimoni, vikapita mguu mmoja mmoja. Hakugusa jiwe siku hiyo. Alikaa tu anamshika, akienda kuswali anamweka chini ya kofia, akirudi anamshika tena. Jioni akasema, "Huyu alikuwa anageuka. Alisikia kitu nyuma yake." Nilitazama tena kwenye mafuta, na kweli, mwili wote ulikuwa umeanza kugeuka, na mie nilimtazama siku zote zile nisione.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Mkono wa kushoto umeshika jiwe, wa kulia msasa, na kila baada ya muda anaweka jiwe kwenye kitambaa chenye maji, anapeleka kidole kwa buibui wa mti, anapima ukingo, anarudi. Mimi nilimwambia tu ukungu umebaki mwingi au kidogo. Siku ya mwisho nilimwambia aongeze mkono mmoja wa msasa, dirisha bado lina vumbi juu ya goti. Akaweka jiwe mdomoni, akalinusa, akasema hapana. Nikasisitiza. Akaniambia, "Tatu, wewe unaliona goti. Mie nimelishika. Basi." Akachukua kaniki yenye mafuta ya nazi, akapangusa, na vumbi lililokuwa juu ya goti likaondoka. Lilikuwa ni alama za msasa tu. Ningesikilizwa mimi, goti lingekuwa nje.

Mama Lenzi alifika akiwa bado na vumbi la safari. Karakana yote ilisogea, meneja mbele. Alichukua jiwe, akaliinua kwenye mwanga wa mlango, akaweka lenzi jichoni, akaligeuza huku na huku, na meneja akabadilisha mguu wa kusimamia mara kadhaa. Kisha akasema polepole, "Ana macho. Ninayahesabu macho yake." Akashusha lenzi, na yeye mwenyewe macho yalikuwa yamelowa. Akasema katika miaka yake yote hajashika buibui kamili kama huyo, wala dirisha lililofunguliwa kwa adabu kama hilo. Tukapiga makofi. Meneja alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aletwe, na hata Mzee akampongeza kwa sauti: "Hongera, mzee wangu." Tabasamu likafifia.

Mambo yangeishia hapo, na siri ingebaki siri. Lakini Mama Lenzi alipogeuka aliona kitu kimejitokeza chini ya kaniki mezani. Akavuta, akamwinua buibui wa mti. Alimgeuza, akatazama jiwe, akamtazama tena, akashindwa kuamini. Akauliza kama huyu naye anaweza kupatikana, waende pamoja, jiwe na mti.

"Mchukue, mama," akasema meneja kwa furaha. "Zawadi ya karakana."

Mzee Mwinshehe akainua uso. Mikono yake ilipapasa meza mahali alipokuwa amemwacha buibui, hapakuwa na kitu. Angenyamaza, angekuwa salama. Nilimwombea anyamaze. Kosmas alikuwa ametazama chini.

"Mama," akasema Mzee, "jiwe ni la karakana, nenda nalo kwa heri. Huyo wa mti naomba unirudishie. Huyo ndiye niliyemtazama."

"Kumtazama vipi?" akauliza meneja. "Jiwe si ulikuwa nalo mwenyewe?"

Mvumo wa malori ya Kurasini ulisikika barabarani. Mzee akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Mie sioni, mzee wangu. Sijaona siku nyingi."

Meneja alibadilika rangi, na kilichomchoma kwanza hakikuwa upofu. "Unaniita mzee wangu?" akasema. "Hata leo, mbele ya mgeni?"

Ule mfupa kooni ukanitoka wenyewe. "Meneja, hakutanii," nikasema. "Hajawahi kukuona. Anaijua sauti yako tu."

Mzee akageuza kichwa kuelekea kwangu. "Kwani kuna nini, Tatu?"

Kosmas ndiye aliyesema, kwa upole ambao sikujua anao. "Mzee, meneja ni kijana. Hata ndevu hana."

Mzee Mwinshehe alisimama, akanyoosha mikono mbele yake hewani, viganja wazi, kama anayeomba kupewa jiwe. Meneja akatutazama sote. Nilidhani atatoka nje. Badala yake akasogea, akainamisha kichwa, akajiweka humo. Vidole vile vilipita kwenye paji la uso, vikashuka mashavuni, vikafika kidevuni, vikasimama.

"Yarabi," akasema Mzee. "Miaka miwili namwamkia mwanangu?"

"Kila siku," akasema meneja.

"Na wewe ukawa unaitika?"

"Ningefanyaje, mzee?"

Kosmas ndiye aliyeanza kucheka, akajaribu kujizuia kwa kukohoa, ikashindikana, na kicheko kikakamata karakana nzima, mpaka wale walinzi wawili wakaja kuuliza kuna nini na mmoja akagonga mlango kwa bega. Meneja alicheka akiwa bado ameinama, uso mikononi mwa Mzee. Tulipotulia hakuinuka. Akasema, kwa ile sauti ya mtu wa makamo, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mzee Mwinshehe. Alimwachia uso wake taratibu. "Haya. Niambie sasa. Niende getini?"

Meneja akawatazama walinzi wake mlangoni, mmoja bado anasugua bega. "Getini wameshajaa," akasema. "Kaa."

Mzee akakaa, mkono akiwa ameunyoosha juu ya meza, na Mama Lenzi mwenyewe akamwekea buibui wake kiganjani.